Kijana wa Mpanda na Kazi ya Mitandao: Cheti Kitangulie au Ufundi?

Kijana anayemaliza kidato cha nne au cha sita mjini Mpanda, akiuliza namna ya kuingia katika kazi ya mitandao ya kompyuta, wengi watamjibu kwa herufi nne: CCNA. Ataambiwa aende Dar es Salaam au Dodoma, alipie kozi, afanye mtihani wa kampuni ya Cisco, kisha atembee na cheti kinachotambulika dunia nzima. Ushauri huo una ukweli ndani yake, maana mtihani huo umeheshimika tangu ulipoanza mwaka 1998, na aliyeufaulu kwa haki anajua mambo. Kasoro yake ni mpangilio. Unaanzia mahali pa kumalizia, na unamfanya kijana wa Katavi aamini kwamba mkoa wake hauna cha kumfundisha mpaka auhame. Makala haya yanatetea mpangilio mwingine: kijana aanze na kazi ya mkono pamoja na nadharia ya msingi, vyote kwa wakati mmoja na hapo hapo alipo, na cheti kije baadaye kuthibitisha anachokijua tayari. Ninasema hivyo kwa kutazama namna mitandao ya mkoa huu ilivyojengwa, namna inavyoharibika, na nani anayeitwa inapoharibika.

Tuanze na mkoa wenyewe, kwa sababu wengi wanaouzungumzia wanaukumbuka wa zamani. Katavi ulianzishwa rasmi Machi 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604, na sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Idadi imezidi maradufu ndani ya miaka kumi. Watu hao wanahitaji shule, zahanati, masoko, benki na ofisi, na siku hizi hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoendeshwa kwa karatasi peke yake. Malipo ya serikali yanapitia mfumo wa GePG, ule unaotoa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ununuzi wa umma umehamia NeST, mapato ya halmashauri yanakusanywa kwa mfumo wa TAUSI na mashine za POS, na hospitali za umma zinasajili wagonjwa kwa GoT-HoMIS. Mkoa una halmashauri tano, yaani Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe, na kila moja ina makao makuu, kata na zahanati zilizotawanyika kwenye eneo kubwa. Mtandao ukikatika Inyonga au Usevya, hasara haiishii kwa vijana waliokuwa WhatsApp. Risiti haitoki, mgonjwa anasubiri dirishani, mzabuni anapitwa na saa ya kufunga zabuni. Anayedhani kazi ya mitandao ni ya kampuni za simu pekee hajatazama dirisha la hospitali.

Na mawasiliano hayo yanafikaje Mpanda? Swali hili ni la kwanza katika somo lolote la mitandao, lakini vitabu vingi huliacha kwa kuwa waandishi wake wanaishi mahali ambapo waya upo mlangoni. Intaneti ya Tanzania ilibadilika sura mwaka 2009, waya wa baharini wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Ndani ya nchi, ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka huo huo wa 2009, na msimamizi wake ni TTCL. Oktoba 2015 Halotel, kampuni ya Viettel ya Vietnam, iliingia sokoni ikiwa imetandaza mkongo wake na minara hadi vijijini. Mahali ambapo kampuni hazioni faida, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, yaani UCSAF, hutoa ruzuku, na Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata za vijijini nchini. Kwa hiyo ujumbe unaotoka Mpanda kwenda ng'ambo hupita mnarani au kwenye mkongo, ukasafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi pwani, ukaingia baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini upande wa kusini, na intaneti ikayumba nchini. Siku kama hiyo fundi anayeijua njia hupima mambo mawili kabla ya kugusa chochote: seva iliyoko Tanzania inajibu? Ya nje inajibu? Data ya mtandao mmoja wa Tanzania kwenda mwingine inaweza kupitia kituo cha kubadilishana cha TIX pale Dar es Salaam bila kuvuka bahari, hivyo ya ndani ikijibu na ya nje ikikaa kimya, tatizo haliko ofisini. Asiyeijua njia hiyo atafungua ruta nzima na kuiharibu.

Hapa ndipo tofauti ya Dar es Salaam na Mpanda inapoanza kuwa na maana kwa anayejifunza. Katika kampuni kubwa ya jijini kazi imegawanywa. Yupo wa umeme na betri, yupo wa kuunganisha nyuzi za mkongo, yupo wa kupanda mnara, yupo wa kupanga ruta akiwa kwenye kiti, na yupo wa usalama. Kijana anayeajiriwa huko anaweza kukaa miaka mitatu akifanya kipande kimoja. Mpanda mtu mmoja hubeba vyote, hasa katika halmashauri, hospitali, hoteli na shule. Umeme ndio mwalimu wake wa kwanza, apende asipende. Kwa miaka mingi mji huu uliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya taifa, huku laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ikisubiriwa. Umeme wa kupanda na kushuka huua vifaa polepole, na aliyefunga swichi bila kuijua UPS na bila kupima volti atarudi pale pale kila mwezi. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi huingia kwa njia ya antena na nyaya zilizopita nje, na ruta ya bei kubwa hufa kwa kukosa fimbo ya shaba ya ethi. Kifaa kikifa, kingine kinasubiriwa basi litoke Dar au Mbeya, hivyo fundi hujifunza kuweka akiba na kujua kwa uhakika kilichokufa kabla ya kuagiza. Mambo haya hayamo katika silabasi ya CCNA, na ndiyo yanayoamua kama mtandao wa zahanati utafanya kazi Jumatatu asubuhi.

Lakini nisieleweke vibaya. Ninaposema kazi ya mkono simaanishi kuungaunga waya kwa kubahatisha, maana hilo tunalo tele. Chukua hitilafu moja ya kila siku. Ofisi yenye kompyuta thelathini imepoteza mtandao ghafla. Ruta ni nzima, mkongo ni mzima, na mtoa huduma akipigiwa simu anasema upande wake uko sawa, na anasema kweli. Ukitazama swichi, taa zake zote zinawakawaka kwa pamoja, kasi moja, bila kupumzika. Kilichotokea ni kwamba mtu alihamisha meza, akaona ncha ya waya imelala sakafuni, akaichomeka kwenye tundu la ukutani kwa nia njema, kumbe ncha ya pili ilikuwa imeshachomekwa kwenye tundu jingine, na matundu yote mawili yanakwenda kwenye swichi hiyo hiyo. Kuanzia hapo kila tangazo linalotumwa kwa mashine zote linazunguka kwenye duara hilo na kuzaliana. Pakiti ya IP ina hesabu inayopungua kila inapopita kwenye ruta hadi inakufa, lakini fremu ya Ethaneti haina hesabu hiyo, kwa hiyo ndani ya sekunde chache swichi inalemewa. Fundi asiye na nadharia atabadilisha ruta, kisha atalaumu kampuni ya simu, kisha atazima na kuwasha kila kitu, na hitilafu itarudi. Mwenye nadharia atachomoa nyaya moja baada ya nyingine huku macho yake yakiwa kwenye taa, na zikitulia ameupata waya mkosaji. Halafu atawasha itifaki ya STP, inayofunga njia ya ziada yenyewe, ili meza nyingine ikihamishwa ofisi isizimike. Kazi hiyo ni ya dakika chache na imehitaji vitu viwili: mkono uliozoea nyaya, na akili inayojua kwa nini fremu haifi. Aliyesoma kwa ajili ya mtihani tu anaweza kuieleza STP vizuri na bado asizitambue taa hizo anapoziona.

Mfano wa pili uko juu ya miti. Shule iko kilomita 15 kutoka mjini, mkongo haujafika, na mwenye shule anataka kuunganishwa kwa redio ya gigahezi 5.8 kutoka jengo lililopo mjini. Fundi wa kubahatisha atapanda juu, ataiona antena ya upande wa pili kwa darubini, ataridhika na kufunga. Hajui kwamba mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba wa macho. Yanahitaji nafasi wazi yenye umbo la duaradufu refu, inayoitwa eneo la Fresnel, na kwa masafa hayo nusu kipenyo chake katikati ya safari ya kilomita 15 ni karibu mita 14. Angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo hicho lazima iwe wazi, yaani mita 8 na zaidi kidogo. Mviringo wa dunia wenyewe unainua ardhi katikati ya umbali huo kwa kama mita 3. Kisha kuna miombo. Chukua miti ya mita 15, jumlisha, na kama ardhi ni tambarare mawimbi yanapaswa kupita mita 26 au zaidi juu ya ardhi pale katikati, jambo linaloamua urefu wa milingoti ya pande zote mbili. Na miombo hupukutisha majani kiangazi. Kiungo kilichofungwa Agosti, matawi yakiwa matupu, kitaonekana kizuri, halafu majani yatachipua kuelekea mvua na kasi itaporomoka bila mtu kugusa kitu. Mwenye shule atasema kifaa ni feki. Hesabu yenyewe ni ya kipeuo cha pili na mgawanyo, inayowezekana kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, lakini lazima mtu awe ameifanya kwa penseli na pia awe ameitazama hiyo miti mwezi Oktoba. Katavi inampa mwanafunzi darasa ambalo chuo cha jijini kingelazimika kulisimulia tu.

Basi mpangilio ninaoutetea ni upi? Kwanza umeme, kwa kiwango cha fani ya umeme wa majumbani inayofundishwa VETA: volti, mkondo, ethi, betri, sola, na nidhamu ya kutogusa kitu kilicho hai. Sambamba na umeme, kebo: mpangilio wa rangi nane, kuanzia nyeupe-chungwa hadi kahawia, mpaka mkono uufanye bila kufikiri, na kupima kila waya kabla ya kuuacha. Kisha namba. Mwanafunzi akipewa 192.168.10.0/24 aigawe kwa idara nne, aseme bila kikokotoo kwamba kila idara inapata anwani 64 na kwamba 62 tu ndizo za kugawia mashine. Kisha Linux, kwa kuwa seva nyingi duniani zinaendeshwa nayo. Hapo ndipo ruta inapoanza kueleweka. Programu ya Packet Tracer ya Cisco ni ya bure, inaigiza mtandao mzima ndani ya kompyuta moja, na kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 8 inaiendesha bila shida. Ruta ndogo za MikroTik, kampuni ya Latvia, zinastahili kutajwa hapa kwa uzito, kwa sababu hata zile za bei nafuu zinabeba itifaki kubwa za kuelekeza njia kama OSPF na BGP, na zinatumiwa sana na watoa huduma wadogo na hoteli. Kijana anaweza kujifunza kwenye kifaa hicho hicho atakachokutana nacho kazini.

Cheti kinakuja baada ya hapo, na ninasema hivyo kwa sababu ya hesabu. Mtihani wa sasa wa CCNA, unaojulikana kwa namba 200-301 tangu Februari 2020, unagharimu dola 300 za Marekani, na cheti kinadumu miaka mitatu tu kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Dola 300 kwa familia inayolima mpunga Mpimbwe au tumbaku Mlele si fedha ya kujaribia bahati. Anayefanya mtihani mapema bila kazi mkononi anaanza kupoteza miezi ya cheti chake siku ile ile anayokipata, na wengi hufika mwaka wa tatu hawajawahi kukitumia. Ukitazama muundo wa mtihani utaona pia kwamba asilimia 65 ya maswali ni misingi ya mitandao, upatikanaji wa mtandao na uunganishaji wa IP, yale yale ambayo mtu angeyajua kwa kufanya kazi na kusoma kwa utulivu. Usalama ni asilimia 15, huduma za IP 10, na uendeshaji wa kiotomatiki 10. Aliyekwisha kuhangaika na mitandao ya ofisi tatu kwa mwaka mmoja akiwa na kitabu pembeni atasoma kwa ajili ya mtihani huo miezi michache, na ada yake haitapotea.

Pingamizi la kwanza ni zito na lazima lijibiwe kwa heshima. Waajiri wanataka karatasi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya Afisa TEHAMA hudai shahada, na hakuna atakayeitwa kwa kusema anajua kuhesabu Fresnel. Ni kweli, na kwa hiyo simshauri mtu yeyote aache shule. Ngazi za NACTVET zipo kwa ajili hiyo: aliyemaliza kidato cha nne anaweza kupita ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 na kupata diploma, kisha akaendelea na shahada. Bajeti ya 2023/24 ilitangaza kufuta ada kwa wanaochaguliwa kwenda vyuo vya ufundi vya DIT, Arusha na MUST ya Mbeya, na mwaka huo huo Bodi ya Mikopo ilianza kuwafikia wanafunzi wa diploma katika fani maalumu. MUST ina kampasi hadi Rukwa, jirani kabisa. Njia hiyo ya diploma ya ufundi ninaiona bora kwa kijana wa Katavi kuliko kukimbilia shahada ya jumla ya kompyuta, kwa sababu inamweka karakana mapema. Na mwenye pingamizi akumbuke kwamba karatasi inakuita kwenye usaili, haikupi kazi. Nafasi za kiufundi zina usaili wa vitendo, na hapo wenye shahada wasiowahi kufunga swichi hujikuta nyuma ya wenye diploma waliolala na vifaa.

Pingamizi la pili linasema ajira zenyewe ziko Dar es Salaam, kwa hiyo kujiandalia Mpanda ni kujiandalia umaskini. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa kazi za juu. Vituo vikubwa vya data, makao makuu ya benki na kampuni za simu haviko Katavi, na mtu hawezi kujifunza kuendesha mtandao wa nchi nzima akiwa Majimoto. Baada ya miaka miwili au mitatu ya msingi, mwenye kiu ya ukubwa huo itambidi aondoke, na aondoke bila kuona haya. Lakini tazama nani anaajiri au kuhitaji huduma hapa hapa: halmashauri tano, hospitali ya rufaa ya mkoa, matawi ya benki, kampuni zinazotunza minara, TTCL, TANESCO, mashirika yanayofanya kazi Katumba na Mishamo, kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Mpimbwe, hoteli zinazopokea wageni wa Hifadhi ya Katavi, na shule binafsi zinazoongezeka. Wengi wao hawawezi kumlipa fundi mmoja mwezi mzima, ila wanahitaji mtu wa kumwita. Kijana mwenye jina zuri na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano anaweza kuwa na mikataba midogo ya matengenezo kwa wateja kumi. Leseni ninaitaja kwa makusudi. Wapo wanaogawa intaneti kwa majirani na kuuza vocha za waifai bila kibali, wakidhani ni ujasiriamali tu, na siku wanapofungiwa wanapoteza vifaa na wateja kwa pamoja.

Lipo pingamizi la tatu, jipya zaidi, kwamba setilaiti na akili bandia zitaimaliza kazi hii kabla kijana hajamaliza kujifunza. Starlink ilianza kutoa huduma Kenya Julai 2023, na setilaiti zake ziko kama kilomita 550 kutoka ardhini, wakati zile za zamani ziko kilomita 36,000 na kwenda na kurudi kwa ujumbe huchukua nusu sekunde. Teknolojia hiyo ni nzuri kwa mahali kama Mwese au vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kuelekea Karema. Lakini setilaiti inaishia kwenye sahani iliyo juu ya bati. Kutoka hapo hadi kompyuta ya daktari kuna nyaya, swichi, anwani, umeme na ulinzi vilevile, na pengine kazi inaongezeka kwa kuwa mahali pasipokuwa na mtandao sasa pana mtandao unaoweza kuharibika. Kuhusu akili bandia nakubali zaidi. Programu hizo tayari zinaandika maagizo ya ruta kwa haraka, na kazi ya mtu anayekaa kitini akinakili maagizo aliyoyakariri itapungua, sina shaka. Anayepungukiwa hapo ni yule aliyeandaliwa kwa kukariri. Anayejua kwa nini agizo liko hivyo, na anayeweza kwenda Sitalike kuona kwamba panya wametafuna waya, ana miaka mingi mbele yake.

Kikwazo ninachokiona kikubwa kuliko mapingamizi yote matatu ni lugha na hesabu. Mtihani ni wa Kiingereza, miongozo ya vifaa ni ya Kiingereza, na ujumbe wa makosa unaotokea kwenye skrini ni wa Kiingereza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kukimudu atakariri maneno asiyoyaelewa, na mtandao haukaririki. Dawa si kumwambia akaongeze bidii. Dawa ni kumfundisha dhana kwa Kiswahili kwanza, mpaka aweze kumweleza mwenzake kwa nini ruta mbili zenye DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, katika ofisi moja zinawapa watu anwani zinazogombana, kisha kumpa maneno ya Kiingereza ya dhana ambayo tayari anaijua. Hesabu za uwili, mbili kwa mbili hadi 256, zinafundishika kwa mchanga na kidole. Aliyeelewa hivyo hatishwi na mwongozo wa kurasa 300.

Jambo la mwisho katika maandalizi husahaulika kwa sababu halina kifaa. Fundi wa mtandao hushika nywila za ofisi, huona majina ya wagonjwa na wadaiwa, na anaweza kusoma mengi asiyotumwa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayeingia kazi hii azisome zote mbili kwa Kiswahili kabla ya kugusa ruta ya mteja. Katika mji ambao watu wanajuana, fundi aliyewahi kusimulia alichokiona kwenye kompyuta ya mtu hatapewa funguo tena.

Nani basi afanye nini? Gharama kubwa ya mpangilio huu si fedha. Anayekosekana ni mtu wa kumsimamia kijana akiwa anajifunza. Maofisa TEHAMA wa halmashauri na hospitali za Katavi wapo, na kazi yao inawazidi. Kila mmoja angechukua vijana wawili kwa mwaka kwa utaratibu ulioandikwa, kwa makubaliano na VETA, akawafundisha kukagua swichi, kuandika michoro ya mtandao na kuweka kumbukumbu za hitilafu, mkoa ungekuwa na mafundi wake ndani ya muda mfupi na ofisi zingepata msaada. Kampuni zinazopewa ruzuku ya UCSAF kujenga minara ziwekewe sharti la kupokea wanafunzi wa eneo husika wakati wa ujenzi na matengenezo. Wakurugenzi wa halmashauri wana mamlaka ya kuanzisha hili bila kusubiri waraka kutoka Dodoma, na ninawaomba waanze na mwaka huu wa fedha. Wewe kijana wa Makanyagio, Kawajense au Inyonga, usingoje wakurugenzi. Tafuta kompyuta ya mtumba, pakua Packet Tracer, nenda kwa fundi umeme wa mtaani umwombe akufundishe kupima ethi, na mvua zitakapoanza Novemba uwe tayari kuitwa.